Hawapigani Hao

Watu wetu hawa ukitaka kuwasaidia, watakuua kwa hasira.

Zulaikha ni DJ wa klabu moja mtaa wa Kabalagala. Ijumaa na Jumamosi anapiga dancehall, watu wanajaa mpaka mlangoni. Lakini moyo wa yule dada uko kwa metali, kwa magitaa yanayounguruma, na kwa bendi zetu chache ambazo hazina pa kwenda. Gereji ya Bugolobi tulikofanyia mazoezi, majirani walituitia mwenyekiti wa mtaa. Basi Zulaikha akamsumbua meneja wake, Bashir, mpaka akapewa Jumapili moja, saa kumi. Moja tu. Sakafu ikijaa, Jumapili zote zetu. Ikikaa tupu, karaoke inarudi.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuleta watu. Shule nimemaliza, niko nyumbani, mama ananiangalia kama kiti kilichovunjika. Nafasi ninayo. Nikawaleta, wallahi, hata wale wa Kalerwe, upande wa pili wa mji, wote fulana nyeusi kwenye jua lile. Unajua walifanya nini? Walisimama ukutani! Mikono kifuani, vichwa vinatingishika polepole kama wazee wanaosikiliza kesi ya kiwanja.

"Huzaifa!" Zulaikha akaniita kwa maiki, mbele ya watu wote. "Hawa umewatoa msibani?"

Nikamfuata Usama, mpiga dramu wa bendi yetu. "Wewe, cheza!"

"Metali haichezwi. Inasikilizwa."

"Nani kakwambia?"

Nani angemwambia? Metali tumejifunza kwenye simu, kila mtu kitandani kwake, earphone masikioni. Hakuna aliyewahi kuisikia na mwenzake.

Bashir yuko kaunta, anatazama sakafu, anatazama saa. "DJ, hii watu yako haichezi, haikunywi. Imekuja kupima ukuta?"

"Wimbo mmoja bosi, tafadhali."

"Moja. Halafu karaoke."

Zulaikha akaweka wimbo wetu, ule tuliorekodi gereji, hata mbwa wa jirani anasikika. Akaacha mashine zake, akashuka na maiki mkononi, akamvuta Usama kwa fulana mpaka katikati ya sakafu, akamsukuma. Usama akanigonga mimi. Mimi nikamgonga rafiki yetu Lamunu. Lamunu akagonga watatu. Kidogo tu, ukuta mzima umemwagika, sakafu imekuwa soko la Kalerwe mvua ikishuka ghafla.

Nikafurahi. Halafu mabaunsa wakaingia.

Mkubwa wao ni Joska, mama mpana kama kabati, na yeye akiona watu wanasukumana haulizi ni muziki gani. Usama kakamatwa shingo, Lamunu kabanwa kwapani. "Nani ameanza? Nani?"

"Mama Joska, hawapigani hao! Wanacheza!" nikamlilia.

"Kucheza gani ya viwiko, ssebo?"

Yaani watu wamekaa ukutani saa nzima, sasa wamechangamka, ndiyo wanatolewa nje! Sakafu inataka kuwa tupu kwa sababu imejaa! Nilitamani kulia.

Zulaikha hakuzima wimbo. Alisema tu kwa maiki, "Joska, angalia pale."

Kijana mmoja alikuwa ameanguka. Hapohapo wakamwinua, huyu anamfuta vumbi, yule anamtafutia kiatu. Akavaa. Wakamsukuma tena.

"Umeona wapi watu wa vita wanarudishiana kiatu?" Zulaikha akamuuliza.

Joska akatazama. Akamwachia Usama, akamwachia Lamunu. "Banange, watoto nyinyi," akasema, akajisimamia katikati, mikono kiunoni, watu wanamgonga na kuruka nyuma kama mipira. Hakusogea hata kidogo. Nadhani alikuwa anacheza.

Wimbo ulipoisha, wote walikimbilia kaunta na kiu yao. Bashir alifungua chupa mpaka akavua koti.

"Jumapili ijayo," akasema. "Lakini saa nane."

Saa nane! Jua la utosi, fulana nyeusi! Nikafungua mdomo, Zulaikha akanikanyaga mguu.

"Saa nane ni sawa, bosi."

Akarudi kwenye mashine kuweka wimbo mwingine. Nikageuka kuwaita wenzangu.

Wameshasimama ukutani. Soda mkono mmoja, mwingine kifuani.