Majina ya Wachimba Handaki

Saa tisa alasiri, Alhamisi ya Julai 1997, kompyuta ya pekee ya shule ya wasichana ilikuwa imewashwa, na Kagwiria, mwalimu wa historia, alikuwa ameiamuru ipange majina kwa alfabeti, ikayapanga, yakaangukia karibu yote kwenye M, Mama Gatimu, Mama Gicheru, Mama Kingori, Mama Mugo, na chini kabisa, peke yake, Watiri, kwa sababu mwaka ule wa handaki Watiri alikuwa msichana bado, akibeba udongo tu... na kesho Kidato cha Tatu watakuja kusoma kwenye skrini hii habari za wanawake wa Mweiga walioshurutishwa kuchimba handaki kando ya msitu wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, miaka ya hamsini, na watamkuta nani, watamkuta Gicheru, watamkuta Mugo, wana wa watu... “Cucu, Mama Gicheru aliitwa nani?” na Watiri, sasa bibi kizee, kwenye kiti cha pembeni, kikapu magotini, “Mtu mzima hapana itwa jina yake, Mwalimu, hiyo ni dharau, kwani huko Meru mnaitana tu kama ng'ombe?” akacheka, na Kagwiria akacheka pia, maana hata yeye mtaani ni Mama Murugi, muuza maziwa hajui kama kuna Kagwiria, na siku moja mtu akibonyeza kitufe yeye naye ataangukia wapi, kwenye M, nyuma ya Murugi... jina ambalo hata hakulichagua, mume wake alisema tu hospitalini, ni Murugi, ni mama yangu, msichana wa kwanza ni mama ya baba, hilo halina mjadala... ngoja... msichana wa kwanza... “Cucu, msichana wa kwanza wa Gicheru anaitwaje?” “Huyo ni Wakonyo, huyo naweza ita, ni mtoto, nilimbeba mgongoni.” Basi Mama Gicheru ni Wakonyo, na wa Kingori je, Ngendo, na wa Mugo, Wamuyu, njia ilikuwa wazi siku zote, ilikuwa ikicheza uani, na mashine ikipanga upya kila mmoja anakwenda mahali pake, wamesambaa sasa, hawafanani... mlangoni naibu wa mwalimu mkuu anasema kitu, ripoti za muhula, ati mashine imekuwa ya umbea, dakika moja, Bwana Nthiga, dakika moja... amebaki mmoja. “Na wa Gatimu?” “Gatimu alikufa kijana. Hakuoa.” Mama Gatimu, ndiye yule handaki lilimporomokea, basi njia imekatika hapo, hakuna msichana wa kuitwa jioni aje ale, labda aachwe hivyo, M moja, ndio ukweli ulivyo, na kuuliza tena ni kumdharau mzee mara mbili, sitauliza, afadhali darasa liulize, afadhali pengo lionekane... “Tulimwita,” Watiri akasema, hakuwa akicheka. “Tulichimba na mikono, tunaita Mama Gatimu, Mama Gatimu, mpaka giza. Huko chini, hakuna mtu aliita jina yake.” Kagwiria akaondoa vidole kwenye vitufe, heshima nayo, alikuwa ameidhania kitu kidogo, cha kuzungukwa kwa ujanja... Nthiga bado mlangoni, kistari kwenye skrini kikiwaka na kuzima. Watiri akainama karibu nacho, kama anayeongea na mtu aliye chini, akasema, “Nyaguthii.”

Kagwiria akaliandika.