Mfalme Mwenye Ndevu Nyeupe

Akina mama, sikieni mapema, yasije yakawakuta. Mtu anayeanza mchezo wa wafalme kwenye kompyuta asidanganywe na ndevu. Faridah wa Koboko zilimdanganya, nusura zimkoseshe mtoto wake.

Mtoto mwenyewe ni Shakira, anafanya kazi Arua. Alikuja kwa sikukuu ya Idi, na siku ya pili tu akaanza kusema kesho anarudi. Mdomo unasema hivyo, macho yako kwenye mchezo wake. Unachagua mtawala wa zamani, unawaozesha watoto wake, unapigana na majirani. Akifa, unaendelea na mrithi. Ukoo ukinyang'anywa ardhi yote, basi, umekwisha.

"Nifundishe," Faridah akasema. "Nikitawala mpaka adhana ya alasiri, kesho huendi."

Shakira akacheka. "Wewe, Mama? Haya. Ila anza na huyu kijana. Nchi yake ndogo, iko kisiwani, jirani mmoja tu. Wanaojifunza wote wanaanza naye."

Faridah akamtazama: kidevu kitupu. Kando yake mfalme mzee, ndevu nyeupe mpaka kifuani, nchi pana, wana wanne.

"Nimruke mzee nimwendee mtoto? Nani alinilea hivyo?"

"Mama, hapa si msikitini."

"Huyu iko na heshima. Bonyeza."

Chai haijapoa, mzee akafa. Nchi ikakatwa vipande vinne, kila mwana na chake. Hatari yenyewe ndiyo hiyo: mzee hakungoji ujifunze, na wana wengi ni visu vingi. Faridah akabaki na mwana mkubwa kwenye kipande cha kona, ndugu watatu wamemkodolea macho.

"Pole, Mama," Shakira akasema, na usoni hakuna pole. "Sasa watakumeza."

Faridah akavuta kiti karibu. Kesho nyumba itakuwa kimya tena! Lakini hakuuliza ana askari wangapi.

"Mimi iko na binti?"

"Wawili."

"Na hawa ndugu, wana wavulana?"

"Wawili wanao. Mdogo hana."

"Ozesha. Mmoja huku, mmoja kule. Huyo mdogo mwite karamu, akae karibu na mimi."

Mdogo akaja, akala, akarudi kwake akakusanya jeshi.

"Mla bure huyo!" Faridah akapiga kelele. "Alinawa mikono kwangu!"

Jeshi likavuka mpaka. Shakira akakaa mbele kabisa ya kiti, amesahau yuko upande gani. Mara bendera mbili zikatokea nyuma ya adui: wale ndugu wawili, sasa wakwe wa binti zake, wamekuja kumtetea kaka yao. Mdogo akageuza farasi.

"Kimbia! Na mchuzi wangu tumboni!"

Muadhini akaanza kuita. Faridah akainuka kwenda kutawadha, anajizuia asitabasamu. Nyuma yake Shakira alikuwa kwenye simu na mwenzake wa kazini Arua.

"Daisy, kesho usinisubiri. Hapana, si mgonjwa. Mama amenishinda, na sasa amenikataza kuwagusa watu wake mpaka amalize kuswali."