Mwavuli Mweusi Kwenye Mbalungi

Jumatano asubuhi nilipanda ngazi kuukata mbalungi wa mbele ya nyumba yetu, na nikaukata vibaya. Nasema mapema, nisije nikaonekana namtupia mtu lawama. Tangu Jumatatu mume wangu, Chin-shui, alikuwa ananiambia, "Pi-yu, mwache fundi aje aukate." Mimi na kusubiri mafundi wapi na wapi! Harusi ya binti yetu Wan-chen ilikuwa Jumapili, magari ya upande wa bwana harusi yangepita pale pale chini ya mti, na matawi mawili yenye miiba yalikuwa yakikwaruza kila gari linaloingia. Nikachukua msumeno, nikayaangusha yote mawili. La pili lilipoanguka ndipo nikakiona kiota.

Kilikuwa kwenye panda ya tawi lililobaki, usawa wa uso wangu, kidogo kama bakuli la wali, kimesukwa kwa nyasi na zile kamba nyekundu za plastiki tunazofungia mizigo. Ndani mlikuwa na makinda watatu, nusu uchi, macho ndiyo kwanza yanafunguka. Walidhani mimi ni mama yao. Midomo mitatu ikapanuka mbele ya pua yangu. "Maskini wee!" nikasema, nikashuka ngazi.

Ndege wenyewe nawajua, wamejaa kila mahali hapa mjini kwetu Madou. Wana utosi mweupe na kelele zisizo na adabu, na sisi tunawaita wazee vichwa vyeupe. Watu huwatarizi kwenye mito ya maharusi, kuwatakia wazeeke pamoja mpaka mvi. Lakini saa ile sikuwa na habari na mito. Nilikuwa naliangalia jua. Yale matawi mawili ndiyo yaliyokuwa kivuli cha makinda, na kufikia saa nne jua la Mei lilikuwa limeingia kiotani moja kwa moja. Wakaacha kupanua midomo. Wakalaza shingo ukingoni, wakihema.

Chin-shui akatoka na kikombe chake cha chai. Akautazama mti, akayatazama matawi chini, akanitazama mimi.

"Usianze," nikamwambia.

"Mimi nimesema kitu?"

"Uso wako umesema."

"Basi shauri ya uso. Tukihamishe kiota?"

"Ukikihamisha mama yao hatakiona. Kivuli ndicho kilichotoka, kivuli ndicho kirudi."

Tulijaribu boksi, upepo ukalitupa kwa jirani. Tukajaribu kuyafunga yale matawi kwa waya, majani yakanywea ndani ya nusu saa. Mwishowe Chin-shui akaingia ndani, akatoka na mwavuli wake mkubwa mweusi. Akaufunga kwenye mwanzi mrefu, akausimika karibu na shina, ukakifunika kiota vizuri kabisa. Nikampongeza, jambo nisilolifanya mara kwa mara.

Kisha tukajificha jikoni, tunachungulia dirishani. Mama ndege alikuwa juu ya waya wa umeme, kiwavi mdomoni, anauangalia ule mwavuli kama mtu aliyekuta mlango wake umepakwa rangi nyingine. Dakika kumi. Ishirini. "Ingia basi!" nikamwambia kwa kunong'ona. "Ingia, mbona una maringo hivyo?" Ilipita nusu saa nzima kabla hajashuka. Alipoingia na tukasikia makinda wanalilia kile kiwavi, nilikaa chini sakafuni, nikacheka mpaka machozi.

Wazee wawili, akili zetu zote zikawa kwa ndege. Hatukufikiria kabisa ule mwavuli ulivyoonekana kutoka barabarani.

Aliyenizindua ni A-chu, anayeuza chapati za mayai pale kona. Alhamisi alikuja na chupa ya mafuta ya ufuta na tangawizi kubwa kama mguu wa mtoto, anatabasamu mpaka magego.

"Hongera, dada!"

"Hongera ya nini? Harusi si Jumapili?"

"Haya, nifiche tu. Mwavuli nimeuona. Mtaa mzima tumeuona. Mbona mmewahi kuutoa, mnaujaribu?"

Ndipo nikaelewa. Kwetu bibi harusi hatoki nyumbani kichwa wazi. Hushikiliwa ungo juu ya kichwa mpaka garini. Lakini akiwa na mimba hapewi ungo, hupewa mwavuli mweusi. Kila mtu anajua. Na mimi, mwanamke wa miaka sitini na moja niliyezaliwa hapa hapa, nilikuwa nimesimamisha mwavuli mweusi mlangoni siku nne kabla ya harusi.

"Ni wa ndege, A-chu! Njoo uone, kuna kiota."

"Ndege, eeh," akasema, akanikonyeza. "Basi huyo ndege ale ufuta kwa wingi, uzazi usimsumbue."

Akaondoka zake. Ningemrushia ile tangawizi, lakini nguvu zilikuwa zimeniishia. Maana binti yangu hakuwa na mimba, na hangepata kamwe. Miaka miwili nyuma, akiwa na thelathini na tano, madaktari walimtoa kizazi. Mchumba wake, Kuan-ming, alijua tangu mwanzo, kabla hata ya kumposa, akasema yeye anamuoa Wan-chen, haoi watoto. Nilimpenda kwa neno lile. Ila mama yake alikuwa hajui. Kuan-ming ni mtoto wa kiume wa pekee, akaahidi atamwambia mwenyewe. Kila tukimuuliza, wiki ijayo. Wiki ijayo, wiki ijayo, mpaka kadi zikagawiwa.

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Alikuwa Mama Lai, huyo mama yake Kuan-ming. Habari zilikuwa zimeshamfika, maana kundi la simu la mtaa wetu lina shemeji yake.

"Mkwe wangu," akasema, na sauti ilikuwa ya kilio, "mngeniambia tu. Ningekasirika mimi? Nimengoja miaka mingapi! Nimeshawasha ubani, nimewaambia wazee wa ukoo waliotangulia, wote kwa majina. Kesho nakuja na kuku wawili, Wan-chen anywe supu."

Nilitakiwa kumwambia ukweli pale pale. Nasema bila kujisifu, nilikuwa mwoga. Nikasema, "Karibu."

Wan-chen aliporudi kutoka shule anakofundisha, nikamweleza yote. Alikaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua viatu. Chin-shui akachukua koleo.

"Nautoa huo mwavuli sasa hivi," akasema. "Tutaweka hata shuka. Tutasema tulikuwa tunauanika."

"Baba, acha."

"Watu wanasema..."

"Wameshasema. Mama Lai ameshawaambia marehemu, utawaambia shuka? Ukianza kuwababaisha tena hao ndege, mama yao anaweza asirudi, na makinda watakufa. Na mimi nitabaki vile vile nilivyo." Akavua viatu. "Kesho akija nitamwambia mimi."

"Akivunja harusi je?" nikauliza.

"Basi ataivunja akijua ukweli, Mama. Nitaishije kwake nikisubiri siku atakayogundua?"

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mama Lai alifika Jumamosi saa tatu, kuku wawili kwenye kikapu, midomo ameipaka rangi. Mwanamke mfupi, mkakamavu, ana duka la nguo na ulimi usiopungua wangu. Wan-chen akampokea getini, akamchukua moja kwa moja mpaka chini ya mbalungi. Mimi nikawafuata nyuma.

"Tazama juu, mama," Wan-chen akasema. "Mwavuli ni wa hawa. Mama yangu aliwakatia kivuli kwa bahati mbaya. Mimi sina mimba. Nilitolewa kizazi miaka miwili iliyopita. Kuan-ming anajua. Wewe ulistahili kuambiwa mapema, na hatukukuambia. Nisamehe."

Alisema bila kupumzika, kama mtoto anayetoa somo la kukariri. Mama Lai hakugeuka. Alikuwa bado anatazama kiota. Ndege mmoja akaja na kiwavi, akatuona, akarudi kwenye waya.

"Mwanangu anajua," akasema mwishowe.

"Tangu siku ya kwanza."

"Na nyinyi mnajua."

"Tunajua," nikasema.

"Kwa hiyo mjinga ni mimi peke yangu." Akanigeukia. "Jana ulinijibu karibu. Nikikulilia kwenye simu, ukaniambia karibu!"

Aibu iliyonishika siwezi kuieleza. Nikasema, "Nilikosa. Niliogopa."

"Nimewaambia wazee wa ukoo, Pi-yu. Sasa nitawaambia nini?"

Akatazama juu tena, akauliza wako wangapi. Wan-chen akamwambia watatu. Akaweka kikapu cha kuku chini, akaenda zake bila kuonja chai.

Siku ile ilikuwa ndefu, mungu wangu. Kuan-ming aliandika saa sita kwamba yuko na mama yake. Baada ya hapo, kimya. Wan-chen hakumpigia. Akajipaka rangi kucha, akakosea, akafuta, akapaka tena. Chin-shui aliwatia kuku maji, kisha akawatia tena, mabakuli yakafurika.

Jumapili, mpambaji alikuja asubuhi na mapema kama tulivyopanga, na hatukuthubutu kumrudisha. Saa njema ya bwana harusi kuja kumchukua ilikuwa saa tatu na nusu. Fataki nilikuwa nimezisahau kabisa mpaka nilipomwona Chin-shui ameushika mkanda wetu mwekundu wa baruti, anautazama. Msafara wa bwana harusi haufiki kimya kimya. Huanza kulipua tangu kona ya barabara, na sisi hujibu mlangoni, ndipo mtaa ujue harusi ipo. Makinda walikuwa na manyoya kiasi, mabawa bado. Wakishtuliwa wangejirusha chini.

"Zetu sizipigi," Chin-shui akasema. "Zao siwezi kuzizuia. Kama watakuja."

"Watakuja," nikasema, nami sikuwa na hakika hata chembe.

Saa tatu na nusu ikafika. Tulisimama getini tukisikiliza. Hakukuwa na mlipuko hata mmoja. A-chu alikuwa ameacha kikaango chake, kasimama barabarani, mkono mdomoni, ananitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza. Nikasema moyoni, basi, mwanangu kaachwa mbele ya watu wote, na mimi ndiye niliyekata yale matawi.

Kisha nikaona gari jeusi lenye utepe limesimama kule kona, na mengine matano nyuma yake, injini zimezimwa. Kuan-ming alikuwa anakuja kwa miguu, suti mwilini, maua mkononi, macho mekundu. Ndugu zake wakamfuata kimya kama watu wanaoingia wodini.

"Kuna nini?" nikamuuliza. "Mbona kimya? Fataki ziko wapi?"

"Mama alizitoa kwenye buti, zote," akasema. "Kasema atakayelipua hata moja hapa atamtambua yeye ni nani. Na magari yasikaribie mti. Kasema hapa pana watoto."

Chin-shui akauliza, taratibu, "Na lile jingine?"

"Asubuhi kawasha ubani tena. Kakaa pale mbele ya wazee muda mrefu. Sijui kawaambia nini, hakutaka niingie." Akayahamishia maua mkono wa pili. "Alipotoka kaniuliza mbona bado nipo, mke wangu atangoja mpaka lini."

Wan-chen alikuwa mlangoni, ameshavaa, amesikia kila neno, na rangi ya machoni ilikuwa inamchuruzika. Shangazi yake akainua ungo juu ya kichwa chake. Tukampitisha chini ya mbalungi kwa kunyata, na mimi nililia waziwazi mbele ya A-chu na mtaa mzima.