Maziwa Kwenye Kigae

Siku ya tatu mfululizo Amoni alipolikataa titi la kushoto, Yunisi aliacha kujidanganya. Mtoto aligeuza uso, akakunja ngumi, akalia mpaka alipohamishiwa kulia. Huko alinyonya kwa pupa, jasho likimtoka puani. Alikuwa na miezi miwili, na mapaja yake yalikuwa na mikunjo mitatu mitatu. Lakini Yunisi hakuiona ile mikunjo. Alikuwa anamwona Ruti.

Ruti alikuwa mtoto wake wa kwanza. Naye alilikataa la kushoto, katika mwezi huo huo wa pili. Mama mkwe wake, Nesta, alisema maziwa yameharibika, na yakishaharibika upande mmoja, upande wa pili hauchelewi. Ruti akachukuliwa kwenda Kamsamba kwa wifi yake Yunisi, Fides, akalelewe kwa maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi. Kutoka kwao Mpemba ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kabla mwezi haujaisha ikaja habari kwamba mtoto amekwisha kuzikwa. Kaburi lenyewe Yunisi hakuwahi kuliona.

Kwa hiyo safari hii alinyamaza. Alinyonyeshea ndani, mgongo ukiwa mlangoni, na kila alipotoka alilibana titi la kushoto kwa kipande cha kaniki, kwa maana lilikuwa limevimba na ndani yake mlikuwa na kitu kigumu kama kiazi kidogo. Liliuma mpaka kwapani. Angeweza kumwambia mumewe, Ezron, lakini Ezron alikuwa ng'ambo ya Tunduma, kwenye machimbo ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini, na barua yake ya mwisho ilifika kabla mtoto hajazaliwa.

Aliyegundua ni Nesta, tena kwa utani. Alikuja kumchukua mjukuu wake, akamkuta ananyonya.

"Mume wangu," akamwambia mtoto, "bakuli hili la pili umemwachia nani?"

Akaligusa la kushoto. Yunisi aliruka kama aliyeunguzwa, na utani ukaishia hapo.

Fides alikuwepo siku hizo. Alikuwa amewaletea wazazi wake mchele, na kesho yake asubuhi alikuwa anarudi Kamsamba. Nesta akasema hiyo ni bahati. Kesho, baba mkwe akishakwenda misheni kwenye kikao cha wazee wa kanisa, maana yeye hapendi kusikia mambo hayo, maziwa ya kushoto yatapimwa kama mama yake Nesta alivyokuwa akiyapima. Yanakamuliwa kwenye kigae, anatiwa sisimizi mmoja. Akitoka mzima, maziwa ni mazima. Akifa, mtoto anaondoka na Fides.

Fides alisikiliza akiwa ameinamia kikapu chake. Tangu kifo cha Ruti alikuwa hamtazami Yunisi usoni.

Asubuhi ikafika. Baba mkwe alipopotea nyuma ya mibuni, Nesta alimpa Yunisi kigae cha chungu, akamwambia akakamulie nyuma ya mlango. Yunisi alilikamua la kushoto huku akiuma mdomo. Yalitoka matone mawili, mazito, ya manjano. Akayatazama. Katika hayo hakuna sisimizi ambaye angetoka mzima. Aliyafuta kwa kidole, akakipangusa kidole ukutani, akalishika la kulia. Maziwa yaliruka yenyewe, meupe. Kwa woga wake alikamua mengi kuliko yaliyohitajika, kigae kikajaa nusu.

"Haya hapa, mama. Ya kushoto."

Alikuwa hajawahi kumdanganya mama mkwe wake hata siku moja, na sauti aliyoisikia haikuwa kama yake.

Nesta alimwokota sisimizi kwa ncha ya jani, akamdondosha. Sisimizi alizunguka, akapapasa, hakupata pa kukanyaga. Miguu ilipiga piga, ikapunguza mwendo, ikatulia. Nesta alimgusa kwa jani. Hakutikisika.

"Umeona," akasema taratibu, bila ubaya. "Fides, chukua mbeleko."

Yunisi alipiga hesabu haraka. Akinyamaza, Amoni atakwenda Kamsamba. Akisema kweli, watasema hata la kulia limeoza, na atakwenda vilevile. Fides alikuwa amekwisha kuinama kumchukua mtoto pale mkekani.

"Mama," Yunisi akasema, macho chini. "Nimesema uongo. Hayo ni ya kulia."

"Ya kulia yapi?"

"Haya anayonyonya. Hana mengine. Ndiyo anayonyonya kila siku."

Nesta alikitazama kigae, akamtazama Yunisi. Kuku waliingia, wakatoka.

"Basi yote mawili yameharibika," akasema.

Ndilo neno lile lile Yunisi alilokuwa akiliogopa. Alimtazama Fides, akingoja amfunge mtoto mgongoni. Lakini Fides alikuwa amemfunua Amoni miguu, ameshika paja lake moja kwa mkono mzima.

"Mama, mtazame huyu. Hii ndiyo sumu iliyomfanya hivi?" Akamgeuzia mama yake mtoto. "Ruti alifika kwangu ana mapaja kama haya haya. Siku ya nne yakaanza kuisha. Mimi niliyaona yakiisha, wewe hukuyaona. Huyu simbebi."

Fides hakuwahi kuwaambia jambo hilo. Nesta alikaa chini polepole, kama mtu anayetafuta kigoda kwa nyuma. Alikisogeza kigae kando. Kisha akauliza, bila kumwangalia mtu:

"Linauma tangu lini?"

"Siku ya nane leo."

"Na wakati wa Ruti, liliuma?"

"Liliuma, mama. Sikuulizwa."

Nesta akainuka, akasema maji yawekwe motoni, itafutwe na nguo laini ya kulikandia. Alikwenda kuuchochea moto mwenyewe, na alikawia huko kuliko kazi ilivyotaka.

Jua lilipokuwa limepanda, Fides aliondoka na kikapu chake kichwani, mgongo mtupu. Yunisi alimsindikiza kwa macho kutoka kizingitini. Alikuwa amekaa nje kwa mara ya kwanza tangu titi lianze kuuma, mbele ya watu, Amoni akinyonya kulia. Alisikiliza kila funda likishuka kooni mwa mtoto. Alikuwa bado anaogopa, na kila mtoto alipoacha kunyonya ili avute pumzi moyo wake nao ulisita, lakini hakumwondoa titini.