Joto la Chelel

Chepkorir alikuwa amechoka, tena uchovu ule wa mtu anayelala macho wazi. Wiki kumi na moja nzima alikuwa akimlinda Chelel, ng'ombe mweupe aliyeachiwa na marehemu mama yake, pale shambani kwao Njoro. Mbegu ya fahali ilitiwa mara mbili ikashindwa. Ilipotiwa ya tatu, mumewe Kipkemoi alisema wazi kwamba ng'ombe asiposhika mimba safari hii, mchinjaji atakuja kumchukua.

"Sifugi tasa, Mama Chesang. Nyasi zenyewe ziko wapi?"

Tangu siku hiyo mwanamke hakuona kingine. Anakamua, jicho kwa mkia. Anapika, jicho dirishani. Ng'ombe akilia kwa kiu, moyo unampasuka: joto la kutaka fahali limerudi, mbegu imeharibika tena! Kumbe joto lenyewe halikurudi hata siku moja, na ng'ombe asiyerudi joto ndiye aliyeshika. Mtoto mdogo wa Njoro anajua hayo. Lakini wasiwasi una kazi yake, na kazi yenyewe si kumfikirisha mtu.

Jumatatu akamwona Chelel amempanda mtamba wa jirani. Haya! Na huyu Chepkorir ndiye anayewafundisha kina mama wa chama chao: msimtazame anayepanda, mtazameni anayesimama akapandwa, maana mwenye joto ni huyo. Hata mwenye mimba hupanda. Yote yakamtoka kichwani, akapiga simu.

Thuo, mtia mbegu, alifika na pikipiki, wateja wengine watatu wakimngoja.

"Mathe, mara ya mwisho alitiwa lini?"

"Ilishindwa, daktari."

"Nauliza tarehe."

"Nakwambia ilishindwa! Fanya upesi, joto litaisha."

Thuo naye alikuwa na haraka zake. Hakupima mimba. Alivaa glavu yake ndefu, akapitisha mrija mpaka ndani ya tumbo la uzazi, akatia mbegu, akaenda zake.

Ijumaa asubuhi Chepkorir alikuta kitu kwenye nyasi, nyuma ya Chelel. Kilikuwa kidogo kama panya, hakina manyoya, lakini miguu yote minne ilikuwa imetimia. Hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba huyo ni ndama wa ile mbegu ya tatu, na kwamba mrija wa Thuo ndio uliomtoa. Alipiga ukemi mpaka Kipkemoi akaja mbio na jembe, akidhani ni nyoka.

"Nimemuua mimi," alisema. "Nilimtazama Chelel kila siku, Baba Chesang. Kila siku ya Mungu!"

Kipkemoi hakumgombeza. Alichimba kando ya ua, akafukia, akapangusa mikono kwenye suruali. Kisha akatoa simu akampigia mchinjaji.

"Usije tena," alimwambia. "Huyu si tasa. Nimeona kwa macho yangu."

Neno hilo ndilo Chepkorir aliloliomba kwa Mungu wiki zote kumi na moja. Alilisikia vizuri, akakaa chini penye umande, akalia.