Mama Berthe Anatembeza Mashu

Hakuna Munande mwenye akili zake anayetembeya bure. Ukiona mutu wa Butembo ku barabara, uliza anabeba nini. Miye Berthe, muchuuzi wa mashu, zile kabichi za Masereka, tangu ujana wangu, sikuwahi kutoka ku nyumba mugongo mutupu. Na sasa Kapinga, ule mwalimu wa kutoka Kasai, mutoto yangu Jordy anataka kumuoa, anakuja siku ya posho, Jumamosi, asubui ananiambia: "Mama, tuende tutembeye kidogo ku ile njia mupya ya mutoni."

"Tunaenda kuchukua nini kule?"

"Hapana kitu, Mama. Kutembeya tu."

Aka! Kutembeya tu! Bandugu ya marehemu bwana yangu balikuwa bananingojea: niseme ndiyo, bapeleke mbuzi kwa batu ya Kapinga, niseme hapana, mambo iishe. Nikawaza, bon, niende nimuchunguze. Mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Na huyu alishamaliza mwaka nzima hapa, jembe sijamuona nayo. Jordy wangu atakufa njaa na mwanamuke wa kutembeya tu!

Lakini kupita mbele ya batu mugongo mutupu? Haya gani ile! Nikajaza mashu ku kitunga, nikakipandisha ku mugongo, kamba ku kipaji cha uso, tukaenda. Kapinga aliangalia kitunga. Yee alivaa robe, gauni yake ya misa, na viatu vyeupe.

Njia yenyewe, nisiseme uongo, ni nzuri. Balitandika pavé ya mawe kuanzia ku daraja mpaka ku mikaratusi, mutoni iko pembeni. Mutu wa velo, ile baiskeli, anapita, mutu wa chukudu, kile kigari cha miti cha kusukuma na muguu, anapita na mbao zake, mababa ya tumbo kubwa banakimbia na jasho. Pikipiki tu njo banakatalia. Mulinzi mumoja, Lusenge, mwenye kuvaa gilet ya rangi ya machungwa, akanisimamisha.

"Mama, hapa kuuzisha hapana."

"Nani anauzisha? Natembeza mashu yangu, ione mutoni!"

Batu bakacheka. Kapinga naye akacheka, akageuka ngambo ingine ili nisimuone. Nilimuona.

Pale njia inateremuka, kamba ikakatika. Yoo, mama wee! Mashu ikabiringika ku pavé, ingine kati ya magurudumu ya velo, ingine moja kwa moja ku maji. Baba mumoja wa tumbo akarukia moja, akaikosa. Mutu wa chukudu akaweka muguu chini, akasimamisha ingine kama mupira. Na Kapinga? Nilifikiri atasimama pale aniambie pole Mama, pole Mama. Kumbe alishatupa viatu, robe amefunga juu ya magoti, yee iko ndani ya mutoni anafuata shu yangu!

Batoto ya masomo yake bakamutambua kutoka ngambo. "Mwalimu! Ile pale! Ile pale!"

Akaikamata na mikono mbili, akaanguka nayo, akatoka na matope mpaka ku masikio. "Mama, iko nzima!"

Nikakaa chini ku pavé, nikacheka mpaka machozi ikatoka. Tangu baba ya Jordy alikufa sijacheka vile. Nilishasahau namna mbavu zinauma. Niseme wazi, ule mutoto nilimupenda palepale.

Lusenge mulinzi akafika mbio, tukamuachia kitunga. "Sasa tutembeye," nikasema miye mwenyewe. Mikono yangu sikujua niiweke wapi: nikaifunga mbele, nikaifunga nyuma, ikanihangaisha. Kapinga akaona, akashika moja. Na mutu mwenye kamba ku kipaji anaangaliaka chini tu. Ile siku njo nilijua kwamba mutoni yetu iko na ndege weupe. Miaka yote ile, ndege!

Ku mikaratusi tukakutana na Josée, muchuuzi mwenzangu wa soko, gunia ya viazi ku mugongo. Macho ikamutoka.

"Berthe! Mikono mitupu? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa."

"Donc unaenda wapi?"

"Siendi fasi. Natembeya tu, na mukamwana wangu."

Josée hakungoja hata salamu. Akakaza gunia yake, akaenda mbio upande wa soko, na habari ikimufikia Josée, famille nzima ya marehemu bwana yangu inaisikia kabla ya chakula. Kapinga akakaza mukono yangu, analia, anacheka, na matope yake yote ikabaki ku liputa yangu ya kitenge.