Bangili za Ildefons

Mwaka 1953, Mwalimu Karugendo, aliyefundisha sayansi katika shule moja karibu na Kashozi, alipanda basi kwenda Muleba kwa jambo moja tu: kumwaibisha Ildefons sokoni. Utotoni walisoma darasa moja. Ildefons alikuwa akisinzia mpaka mate yanamchuruzika, na sasa mpumbavu huyo anawaambia watu kwamba anageuza chuma kuwa shaba!

Alimkuta amezungukwa na wanawake. Ildefons alitumbukiza bangili ya chuma katika bakuli la maji ya buluu, akapiga domo kidogo, kisha akaitoa. Ilikuwa nyekundu. Wanawake wakapiga vigelegele. Karugendo akaguna.

“Huo ni mrututu, dawa ya kupulizia mibuni,” alisema kwa sauti ya darasani. “Shaba imo ndani ya maji hayo tangu mwanzo. Chuma kina nguvu kuliko shaba, kwa hiyo kinaingia majini na kuifukuza, nayo inakuja kuganda juu ya bangili. Ni ngozi tu!”

Alimwomba Kokuhirwa, mjane jirani ya mama yake, amvulie bangili aliyoinunua kwa huyo tapeli. Akaisugua kwa mchanga. Wekundu ulitoka wote.

Ildefons hakubisha. “Ndilo somo pekee nililolielewa, Mwalimu,” alisema taratibu.

Karugendo alimtazama kama mtu anavyotazama funza kidoleni. Hata aibu hana!

Kokuhirwa alidai kuku wake wawili aliotoa kulipia bangili, akarudishiwa papo hapo. Karugendo alisimama akingoja shukrani.

“Ulijua lini?” mjane akamuuliza.

“Tangu Pasaka, mama. Niliiona mkononi mwako kanisani nilipokuja nyumbani.”

“Leo ni Julai.”

“Nilitaka siku ya soko, watu wajae, wote waone.”

“Kwa hiyo miezi yote hii nimepita mbele za watu na chuma, nawe unanichekea moyoni.” Alimkagua kuanzia viatu vyake vilivyong'arishwa hadi miwani. “Huyu alitaka kuku wangu. Wewe je, ulitaka nini?”

Kokuhirwa alibeba kuku wake akaondoka, wenzake wakamfuata, na hakuna aliyemuaga mwalimu.

“Washamba,” alinong'ona. Lakini uso ulimwaka mpaka basi likaingia Bukoba.